Kulinganisha Simu Mpaka Upate Inayokufaa Wewe

Mimi ni fundi wa simu. Mara kwa mara naletewa simu nzima kabisa, haina hata mkwaruzo, ili nihamishe picha na namba kwenda nyingine kwa sababu mwenyewe keshaichoka. Ukimuuliza aliichaguaje, atakwambia ilikuwa na megapikseli nyingi (mamilioni ya pikseli, yaani nukta zinazounda picha), au betri kubwa kuliko zile alizoilinganisha nazo. Simu haikuwa mbaya, ila haikumfaa. Ndiyo maana utaratibu ninaowapa watu huanza na matumizi yao, ndipo zije namba, na mwisho mkono na macho.

Hatua ya 1: Ihoji simu uliyonayo

Fungua Mipangilio, nenda sehemu ya betri. Utaona ni programu zipi zinakula chaji na kioo kinawaka saa ngapi kwa siku. Kisha nenda sehemu ya hifadhi uone kilichojaza nafasi: ni picha, ni video, au ni mafaili ya WhatsApp? Angalia siku ya kazi na siku ya mapumziko, maana hazifanani.

Sasa chukua karatasi. Andika mambo matatu unayoyafanya zaidi kwenye simu, na jambo moja linalokukera kuliko yote. Karatasi hiyo ndiyo hakimu wako mpaka mwisho. Anayepiga simu mchana kutwa na anayehariri video hawatapenda simu moja, hata kama wamezaliwa tumbo moja.

Hatua ya 2: Chuja mpaka zibaki tatu

Zikizidi tatu utachanganyikiwa. Zitoe kwa masharti haya kabla hujatazama kamera.

La kwanza ni masasisho, yaani maboresho ya programu na usalama ambayo mtengenezaji huitumia simu yako. Google ilipotoa Pixel 8 mwaka 2023 iliahidi miaka 7 ya masasisho, na Samsung ikafuata mwaka 2024 kwa Galaxy S24. Modeli nyingine nyingi, hasa za bei ya chini, huahidi miaka michache tu. Kumbuka kwamba miaka hiyo kwa kawaida huhesabiwa tangu modeli ilipoingia sokoni, si tangu siku uliyoinunua wewe. Simu iliyokaa dukani miaka miwili imeshakula miwili yake.

La pili ni mtandao. Jina moja la simu linaweza kuwa na matoleo kadhaa, kila moja na masafa yake ya mawimbi ya mtandao, kutegemea lilitengenezwa kwa soko gani. Tazama namba kamili ya modeli kwenye Mipangilio, sehemu ya "Kuhusu simu", uilinganishe na masafa ya kampuni ya laini yako.

La tatu ni hifadhi. Simu ya GB 128 haikupi GB 128, kwa kuwa mfumo wenyewe huchukua sehemu yake. Kama hatua ya 1 imekuonyesha kuwa tayari umejaza GB 100, panda daraja moja.

Hatua ya 3: Zisome namba bila kudanganyika

Kamera ya megapikseli 50 kwa kawaida haikupi picha ya megapikseli 50. Huunganisha pikseli nne kuwa moja, ukapata picha ya takriban 12.5, na hilo ni jema kwa sababu mwanga unaokusanywa ni mwingi zaidi. Kinachotofautisha picha ni ukubwa wa sensa (kipande kinachopokea mwanga), lenzi, na programu inayoichakata. Ukiona kamera nne nyuma halafu mbili kati yake ni za megapikseli 2, hesabu kamera mbili.

Betri pia ni hivyo. Simu mbili zenye mAh 5000 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri) zinaweza kupishana kwa saa kadhaa, kwa sababu prosesa, yaani ubongo wa simu, na kioo ndivyo vinavyonyonya chaji. Na ile RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizo wazi hufanyia kazi) inayosemwa "inaongezeka" ni kipande cha hifadhi kilichoazimwa. Kina kasi ndogo kuliko RAM halisi, kwa hiyo kwenye ulinganisho wako usikihesabu kabisa.

Hatua ya 4: Ziweke kando kwa kando

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiifanye harakaharaka. Nenda na karatasi yako, na kama unaweza nenda na rafiki.

Kwanza punguza mwanga wa vioo vyote mpaka vifanane. Simu za maonyesho mara nyingi huwashwa kwa mwanga wa juu kabisa, na jicho hupenda kinachong'aa hata kama rangi zake si za kweli. Kisha omba kutoka nazo nje juani, usome ujumbe mrefu. Kioo kinachopendeza ndani kinaweza kukufanya uikinge simu kwa kiganja kila ukiwa nje.

Ishike kwa mkono mmoja. Je, kidole gumba kinafika kona ya juu bila simu kuyumba? Andika ujumbe kamili wenye majina ya watu wako, usiishie kuandika neno moja. Piga simu, umsikilize mtu akiwa mahali penye kelele.

Kwenye kamera, msimamishe rafiki yako akiwa ameligeuzia dirisha mgongo, upige picha ileile kwa kila simu. Usiitazame kwa mbali ukaridhika. Ivute mpaka uone nywele na ukingo wa sikio: je, kila unywele unaonekana, au nywele zimekuwa doa moja laini? Halafu tazama ngozi. Simu nyingi huing'arisha ngozi nyeusi mpaka ikapauka, au huigeuza kijivu. Mlinganishe mtu aliyesimama mbele yako na aliye kwenye kioo. Google ilileta marekebisho ya rangi za ngozi kwenye Pixel 6 mwaka 2021 kwa sababu tatizo hili ni la kweli, na mimi siwezi kumshauri mtu anunue simu inayombadilisha sura mwanawe. Rudia picha hiyohiyo ndani, taa zikiwa hafifu. Mwisho rekodi video ukitembea, kisha isikilize sauti.

Kama macho yako huuma ukisoma usiku, punguza mwanga wa kioo kisha kitazame kupitia kamera ya simu nyingine. Mistari myeusi inayotembea ni dalili kwamba kioo kinawaka na kuzima kwa kasi. Wengine hawaathiriki kabisa, wengine huumwa kichwa.

Hatua ya 5: Uliza bei ya kioo kabla ya kununua

Hapa naongea kama fundi. Kioo na betri ndivyo vitakavyokuleta kwangu. Kioo kilichopinda kingoni ni kizuri kutazama, lakini protekta haikai vizuri na ukingo hupasuka upesi. Mwulize fundi wako kama vipuri vya modeli hiyo vinapatikana na kioo kinagharimu kiasi gani. Kikikaribia nusu ya bei ya simu, fikiri upya.

Tangu Juni 2025, simu mpya zinazoingia soko la Umoja wa Ulaya hubeba lebo inayoonyesha urahisi wa kutengenezwa, uimara zikianguka, na idadi ya mizunguko ya kuchaji ambayo betri itahimili. Kama modeli yako inauzwa huko pia, itafute lebo hiyo mtandaoni. Bure, na inasema mengi kuliko tangazo.

Hatua ya 6: Toa alama kwa karatasi yako tu

Kwa kila simu, toa alama kwenye yale mambo matatu na kwenye kero moja. Mengine yote ni ziada. Zikilingana, chukua yenye masasisho ya muda mrefu zaidi.

Ukishanunua, weka laini yako siku hiyohiyo uitumie kama kawaida, na uirudie hatua ya 1 juu yake. Usiitupe boksi, usiiuze simu ya zamani, mpaka siku za kuruhusiwa kurudisha bidhaa zipite.