Nyenje wa Vinyonga: Chakula na Maji ya Siku Mbili za Mwisho

Anayenunua nyenje kwa ajili ya kinyonga au mjusi wake hanunui mdudu tu. Ananunua pia kilichomo tumboni mwa mdudu huyo. Wafugaji wengi huwalisha vizuri mpaka wakue, kisha huwaweka kwenye ndoo bila chakula wala maji wakisubiri mteja. Nyenje aliyeshinda hivyo siku mbili anaruka kama kawaida, lakini amebaki ganda. Mimi nasema afadhali umwambie mteja asubiri.

Nyenje ana upungufu wa asili. Hana mifupa, na gamba lake lina kalsiamu kidogo mno, hivyo fosforasi mwilini mwake huizidi kalsiamu mara kadhaa. Kinyonga anataka kinyume chake: kalsiamu angalau ilingane na fosforasi, na ikifika mara mbili ni bora zaidi. Akila nyenje watupu kwa miezi, mwili wake huanza kuchota kalsiamu kutoka mifupani. Taya hulainika, miguu hupinda, anapanda tawi kwa shida, na ulimi haufiki tena alipo mdudu. Ukiyaona hayo, madhara yameshaingia mwilini.

Dawa yake iko kwenye duka la vyakula vya mifugo. Kwa malezi ya kila siku, chakula cha vifaranga kilichosagwa laini kinatosha. Zikibaki siku mbili kabla ya kuwauza, badilisha: pima kwa mizani sehemu nne za chakula hicho na sehemu moja ya chokaa ya mifugo, kisha changanya mpaka rangi iwe moja. Chokaa hiyo ina kalsiamu kama asilimia 40, kwa hiyo mchanganyiko wote unafikia asilimia 8 au zaidi kidogo, kiwango kinachohitajika ili tumbo la nyenje libebe kalsiamu ya maana. Isage iwe unga kabisa, kwani chembe kubwa nyenje huziacha. Usitumie chokaa ya kupaka kuta, inaunguza. Unga wa mifupa nao sio mbadala mzuri, kwa kuwa unaongeza fosforasi ileile unayoikimbia. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa laini, yanafaa.

Mchanganyiko huu ni wa siku hizo mbili tu. Nyenje wakiula muda mrefu hudumaa na kufa, kwa hiyo wale wa kuzalisha usiwape kabisa.

Maji ndiyo yanayoua wengi, kwa kukosekana na kwa kuzidi. Karibu asilimia 70 ya uzito wa nyenje ni maji, na banda lao hutakiwa kuwa na joto la nyuzi 28 hadi 32, kwa hiyo hukauka haraka. Wakiwa na kiu huanza kulana, na anayetoka kujivua gamba, akiwa bado mweupe na laini, ndiye wa kwanza kuliwa. Lakini ukiwawekea bakuli wazi, wadogo wanazama. Chukua kifuniko cha mtungi, kijaze kokoto, mimina maji yasifunike vichwa vya kokoto. Kwa waliototolewa karibuni tumia pamba iliyoloweshwa. Pamba ibadilishwe kila siku, kwa sababu inashika kinyesi na kuoza. Trei za mayai wanamojificha zibaki kavu. Unyevu unaleta ukungu na utitiri.

Mboga nazo ni maji. Karoti, boga na sukuma wiki ni nzuri. Mchicha na spinachi tunavipenda mezani, lakini vina oksalati inayoifunga kalsiamu, kwa hiyo siku zile mbili visiwepo. Na hata karoti ipunguzwe, wasije wakashiba mboga wakauacha unga wenye chokaa. Ogopa zaidi dawa za kuulia wadudu. Mboga ya sokoni ioshe, kisha wape nyenje wachache na usubiri hadi kesho. Ukiwakuta wamelala chali wakitetemesha miguu, itupe yote. Mwenye kipande cha ardhi apande sukuma wiki yake.

Mkumbushe mnunuzi kwamba kinyonga wa kufugwa anahitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori, yaani TAWA kwa Tanzania au KWS kwa Kenya. Mwambie pia achague nyenje asiyezidi upana ulio kati ya macho ya mnyama wake, na ampe mnyama huyo nyenje hao siku hiyohiyo, maana tumbo la nyenje likishakuwa tupu kazi yako imepotea. Wanaobaki jioni awatoe. Akishindwa kuwakamata wote, aache kipande cha karoti sakafuni, kwa kuwa nyenje mwenye njaa humng'ata kinyonga aliyelala.