Pasaka ya nyumbani wakati wa masika: siku nne zisiwe zamu ya mama peke yake

Sikukuu nyingi za mwaka huja siku moja na kwenda zake. Pasaka hutupa siku nne zilizoshikana: Ijumaa Kuu, Jumamosi Kuu, Jumapili yenyewe na Jumatatu yake. Miaka mingine kalenda hupunguza au huongeza. Mwaka 2023 Ijumaa Kuu iliangukia Aprili 7, ikamezana na Siku ya Karume. Mwaka 2026 Jumatatu ya Pasaka ni Aprili 6 na Karume inafuata Jumanne, siku tano mfululizo. Na kwa kuwa Pasaka haitangulii Machi 22 wala haivuki Aprili 25, sisi wa Dar es Salaam huipokea ndani ya masika, vichochoro vikiwa tope tupu na nguo kambani hazikauki.

Mimi ni fundi cherehani, Kimara. Wiki ya Pasaka ndiyo wiki ya wateja kudai nguo zao, na Alhamisi jioni nikishakabidhi ya mwisho naifunika cherehani mpaka Jumanne. Kwetu ni Kilema, lakini safari ya Moshi tunaiweka Krismasi kama Wachaga wengi. Pasaka tunabaki mjini. Kwa hiyo siku hizi nne nazijua vizuri, zangu na za wateja wangu. Katika nyumba nyingi zinaishia mabegani mwa mtu mmoja. Mama anaamka kabla ya wote, anapika, anaosha, anapokea wageni, anaosha tena. Jumanne anarudi kwenye shughuli zake hoi. Mimi nasema sikukuu ni ya nyumba nzima, na kazi zake ziwe za nyumba nzima. Hilo haliji lenyewe, linapangwa.

Pangeni mapema, Jumatano au Alhamisi baada ya chakula cha jioni, wote mkiwepo. Kila mtu apewe jambo moja la kuongoza, na kuongoza maana yake anaamua na anawajibika, mama anabaki wa kuulizwa ushauri. Kwangu binti mkubwa anaongoza pilau. Kaka yake ana bustani na usafi wa uwanja. Baba yao ana nyama, kinywaji na vyombo vyote vya Jumapili. Mdogo, wa darasa la pili, ni mkuu wa taa: kazi yake ni kuhakikisha taa za kuchaji zimejaa kabla umeme haujakatika na kwamba kiberiti na mishumaa viko mahali panapojulikana. Mpe mtoto kazi ya kweli, ambayo asipoifanya nyumba nzima itaona. Ukimpa kazi ya kumpumbaza, anajua.

Alhamisi hiyo hiyo maliza manunuzi yasiyooza. Nunua umeme wa LUKU wa kutosha siku zote, maana usiku wa sikukuu kila mtu ananunua na token huchelewa kuingia. Tikisa mtungi wa gesi. Ukiwa mwepesi badilisha, na hata ukiwa mzito weka mkaa kidogo pembeni kwa ajili ya pilau. Jaza maji kwenye madumu. Ongea na muuza bucha akuwekee nyama ya Jumapili, kwa sababu Jumamosi asubuhi foleni ni ndefu na kinachobaki ni mifupa.

Ijumaa Kuu iacheni iwe kimya. Kwa sisi Wakatoliki ni siku ya kufunga na kujizuia nyama, mlo kamili mmoja tu kwa watu wazima, kwa hiyo jikoni hakuna kazi kubwa: ugali na samaki, au kande iliyolowekwa tangu jana. Asubuhi kuna Njia ya Msalaba, vituo 14, na saa tisa alasiri ibada ya Mateso. Mvua ikizidi na njia haipitiki, tunakaa sebuleni tunasoma Mateso kwa mujibu wa Yohane, kila mtu na sehemu yake, na yule mdogo anapewa mistari mifupi ya umati. Simu zote zinalala kwenye kabati mpaka jioni. Hapo ndipo utakapoona kama nyumba yako bado inajua kukaa pamoja bila kelele. Saa ya kwanza ni ngumu. Ya pili mtu anaanza kuongea habari ambazo hakuwahi kuzisema, na ni hapo nilipopata kujua mambo ya shuleni ambayo kwa mwezi mzima nilikuwa najibiwa "kawaida tu".

Jioni ya Ijumaa chambueni mchele mkiwa mmekaa wote kwenye mkeka. Kazi ya mikono inafungua midomo.

Jumamosi asubuhi ni ya uwanja. Masika huacha maji kila mahali: kwenye tairi bovu, kopo la rangi, sahani ya chini ya chungu cha maua, kifuniko cha ndoo kilichopinduka. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake huzaliana kwenye vimaji vidogo kama hivyo vya nyumbani, kisha huuma mchana, watoto wakiwa wanacheza. Kumwaga maji pekee hakutoshi. Mayai yake hugandia kwenye kingo za chombo na yanavumilia ukavu kwa miezi. Maji yakirudi, yanaanguliwa. Kwa hiyo mwageni, kisha sugueni kingo kwa brashi, halafu chombo kipinduliwe au kifunikwe. Kijana wangu anazunguka na wadogo wa jirani, wanakagua nyua za pande zote mbili. Majirani wamezoea, wanawafungulia geti wenyewe.

Pigeni pasi nguo za kanisani kabla ya saa sita, umeme ukiwepo. Mchana watoto walale, kwa sababu mkesha wa Pasaka huanza giza likishaingia na ni mrefu: moto nje ya kanisa, mshumaa wa Pasaka, masomo mengi. Mtoto aliyelala mchana anauona mwanga ukipita kutoka mshumaa hadi mshumaa. Ambaye hakulala anaishia begani kwa baba yake kabla ya Gloria.

Sasa pilau, ambalo nalitaka lipikwe vizuri na lipikwe na binti. Kwa watu wanane tunatumia kilo moja na nusu ya mchele na kilo moja na robo ya nyama ya ng'ombe yenye mafuta kidogo. Mchele mzuri wa Kyela unatosha kwa harufu yake wenyewe, lakini viungo visinunuliwe vilivyosagwa. Nunua bizari nyembamba nzima, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, ukaange kidogo bila mafuta mpaka harufu ijae jikoni, kisha mtoto atwange kwenye kinu. Karafuu ziwe chache, saba au nane. Zikizidi zinatawala sufuria yote.

Nyama ichemshwe kwanza na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, na supu yake isimwagwe hata tone. Vitunguu maji, vinne au vitano vikubwa, vikatwe vyembamba na vikaangwe mpaka viwe kahawia ya kweli. Rangi ya pilau inatoka hapa, na mpishi asiye na subira anajulikana hapa. Vikishakoza, tia kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, kisha viungo, kisha nyama, ukoroge mpaka mafuta yajitenge. Viazi vizima vidogo vinaingia sasa, ukipenda. Mimina supu. Kipimo chetu ni vikombe viwili vya supu kwa kikombe kimoja cha mchele wa zamani. Mchele mpya unataka pungufu ya hapo. Ikichemka onja: chumvi ya supu izidi kidogo, kwa sababu mchele utaimeza. Tia mchele uliooshwa na kuchujwa, geuza mara moja tu, funika. Maji yakikaribia kukauka, hamishia kwenye jiko la mkaa lenye moto mdogo, funika kwa kifuniko kizito na upalie makaa juu. Robo saa, labda dakika ishirini. Usifunue kuchungulia.

Binti yangu ana miaka kumi na sita na anapika hivyo mimi nikiwa nimekaa kibarazani. Natamani kila mama aliyenizidi umri, na kila aliyenifuata, apate kukaa kibarazani siku ya sikukuu harufu ya pilau ikitoka kwenye mikono aliyoifundisha. Kijana anakata kachumbari: nyanya, vitunguu vilivyooshwa kwa chumvi kupunguza ukali, tango, ndimu, pilipili kidogo. Asiambiwe kwamba kazi ya jikoni ni ya dada yake.

Kabla ya sisi kula, sahani za majirani zinatoka. Upande mmoja tuna jirani Mwislamu, Bi Mkubwa tunamwita sote, na wao Idi hawajawahi kutusahau. Mwaka 2023 na 2024 Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani, basi sahani yao tuliihifadhi moto tukaipeleka magharibi, wakati wa kufuturu, na sahani ikarudi na vitumbua na tende. Ukiwa na jirani aliyefunga, panga hivyo. Watoto ndio wapeleke, wapige hodi, wasalimie "shikamoo" kwa utulivu, wasubiri kujibiwa. Adabu ya kupeleka chakula inafundishwa mlangoni kwa mtu.

Pilau lililobaki lisikae mezani alasiri nzima kwa joto la Aprili. Ndani ya saa mbili ligawe kwenye vyombo vifupi, lipoe, liingie kwenye friji. Kesho lipashwe moto mpaka litoe mvuke, mara moja tu.

Alasiri ya Jumapili, baba akiwa kwenye vyombo, ndipo tunapofungua daftari la ukoo. Ni daftari la kawaida la shule lenye jalada gumu. Tunampigia bibi simu Kilema, tunaweka sauti kubwa, na kila mtoto anauliza swali moja alilolitayarisha. Maswali mazuri ni madogo. "Bibi, zamani mlikuwa mnaishije?" linaleta jibu fupi. "Bibi, ulipokuwa darasa la pili, asubuhi ulikula nini kabla ya shule?" linaleta nusu saa. Tumeandika humo majina ya migomba inayopandwa nyuma ya nyumba, nani alichimba mfereji upi, shangazi yupi aliolewa mvua ikinyesha, nani alifariki lini na alizikwa kihamba kipi, yaani shamba lipi la ukoo. Mtoto anayeandika ndiye anayekumbuka, kwa hiyo kalamu ishikwe na watoto hata kama mwandiko unapinda. Mwisho, bibi asomewe yaliyoandikwa. Huwa anasahihisha jina moja au mawili. Mwenye wazazi wazee asisubiri Pasaka nyingine kuanza.

Umeme ukikatika usiku, mkuu wa taa afanye kazi yake na vitendawili vianze. "Kila niendapo ananifuata." Kivuli. "Popoo mbili zavuka mto." Macho. Kwa mvua ya mchana kuna drafti, ubao wa boksi lililochorwa na vizibo vya soda, rangi mbili. Televisheni sijaipiga marufuku. Naiwekea saa yake tu.

Jumatatu tunapanda. Mvua ipo, udongo ni laini, na huhitaji shamba. Chukua kiroba kikubwa kilichokuwa cha mchele, ukijaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, kipimo kimoja cha samadi kwa viwili vya udongo. Katikati simamisha kopo refu lisilo na kitako, lijaze kokoto, jaza udongo kuzunguka, livute juu kidogo kidogo, ujaze tena. Unapata nguzo ya kokoto inayoshusha maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni kwa kisu, shubiri moja kutoka tundu hadi tundu, na katika kila tundu chomeka shina la matembele lenye urefu wa futi moja hivi, vifundo viwili vikiwa ndani ya udongo. Juu rusha mbegu za mchicha, funika kwa udongo mwembamba sana. Mchicha utaanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Matembele yanachukua muda zaidi, lakini yakishika hutayanunua sokoni kwa miezi. Kiroba kikae kwenye matofali, kisiguse ardhi, maji yapate pa kutokea. Mvua kubwa ikipiga moja kwa moja, funika juu kwa matawi kwa siku za mwanzo ili mbegu zisichukuliwe.

Baada ya hapo mikono inaoshwa na kila mtu anashughulikia Jumanne yake mwenyewe: sare, viatu, begi, kitambulisho cha kazini. Wa darasa la pili anapiga viatu vyake rangi, vibaya kidogo, na tunaviacha hivyo. Chakula cha jioni ni kilichobaki, bila mjadala. Mimi natoa kitambaa juu ya cherehani, natia mafuta, na nakagua oda ya kwanza ya asubuhi.