Pini za Raspberry Pi: kuwasha I2C, SPI na UART bila kuunguza bodi

Wengi wakishika Raspberry Pi (kikompyuta kidogo cha bodi moja) mara ya kwanza wanakimbilia kodi ya Python, wanakopi, wanaran, haijibu, alafu usiku kucha wanahangaika kubadilisha kodi ambayo haina kosa lolote. Kosa liko chini huko, pini haijaambiwa kazi yake, mfano I2C, SPI au UART, yaani njia za bodi kuongea na vifaa kwa waya. Pini moja inaweza kufanya kazi tatu nne tofauti ila kwa wakati mmoja inafanya moja tu, na anayeipangia ni wewe. Kwaiyo mi huwa naenda hivi: naunga waya, naiambia Linux pini ipi kazi ipi, naiuliza bodi kama imenielewa, na kodi ndo ya mwisho kabisa.

Tuanze na namba maana hapa ndo watu wanapotea. Ile safu ya pini 40 ina namba za aina mbili, kuna ya mahali yaani unahesabu kwa macho 1 mpaka 40, na kuna namba ya GPIO (pini za kuingiza na kutoa ishara) ambayo ni ya chipu yenyewe. Hazifanani. GPIO17 ipo kwenye pini ya 11, GPIO4 ipo pini ya 7. Mtu akikwambia "chomeka kwenye 17" muulize 17 ipi, kwa sababu pini ya 17 ya kuhesabu ni umeme wa volti 3.3, sasa wewe uiunge kwenye graundi ukidhani ni ya kitufe uone. Ukiwa na wasiwasi andika `pinout` kwenye terminali, inakuchorea bodi yako nzima na majina ya pini.

Volti nazo. GPIO zote ni za volti 3.3, hazivumilii 5. Ila pini ya 2 na ya 4 zinatoa 5 na ziko palepale jirani, kidole kikiteleza imekula kwako. Kuna vifaa vinarudisha volti 5 bila hata kukwambia, mfano ile sensa ya umbali HC-SR04, pini yake ya Echo inatoa 5, hiyo lazima uipunguze kwa rezista mbili, ya kilo-ohm 1 kutoka Echo kwenda kwenye GPIO na ya kilo-ohm 2 kutoka hapohapo kwenye GPIO kwenda graundi, unapata kama 3.3. Mi nshaua GPIO moja kwa uvivu huo huo, bodi ikaendelea kuwaka vizuri tu, ila ile pini mpaka leo inasoma 1 hata ukiishusha graundi. LED weka rezista ya ohm 330 inatosha. Mota usithubutu kuiunga moja kwa moja, pini moja mwisho wake ni miliampea 16, tumia transista au bodi ya kuendeshea mota.

Haya, mipangilio. Kila kitu kinakaa kwenye faili la `config.txt`. Zamani lilikuwa `/boot/config.txt`, ila kuanzia toleo la Bookworm la 2023 limehamia `/boot/firmware/config.txt`, kwaiyo ukifuata maelezo ya zamani utaandika kwenye faili ambalo hakuna anayelisoma alafu utashangaa. Kuwasha I2C na SPI ongeza:

```
dtparam=i2c_arm=on
dtparam=spi=on
```

Au pita `sudo raspi-config`, sehemu ya Interface Options, matokeo ni yale yale. Ristati.

I2C ni waya mbili tu, SDA ya data ipo GPIO2 (pini ya 3) na SCL ya mwendo ipo GPIO3 (pini ya 5), plus umeme na graundi. Rezista za kuvuta juu (zinazoshikilia laini kwenye 3.3) tayari zipo kwenye bodi kwa hizo pini mbili kwaiyo usihangaike nazo. Kabla ya kodi yoyote uliza bodi:

```
pinctrl get 2,3
i2cdetect -y 1
```

Ya kwanza ikikuonyesha SDA1 na SCL1 basi pini imepokea kazi, ikionyesha input tu ujue `config.txt` haijasomwa au hujaristati. Ya pili (inatoka kwenye `i2c-tools`) inapita anwani zote na kukuonyesha nani kaitika: kioo kidogo cha OLED mara nyingi ni 3c, saa ya DS3231 ni 68, sensa ya hewa BME280 ni 76 au 77. Ukiona UU usiogope, maana yake draiva ya keneli (kiini cha Linux) imeshakishika hicho kifaa. Jedwali likiwa tupu kabisa, asilimia kubwa umebadilisha SDA na SCL au umesahau graundi. Na kama una BME280 mbili kwenye waya zilezile mbili, moja peleka pini yake ya SDO graundi na nyingine kwenye 3.3, la sivyo zote zitaitika kwa jina moja.

SPI haina maneno mengi. MOSI (data kwenda kwenye kifaa) GPIO10, MISO (data kurudi) GPIO9, saa ya kupigia mwendo GPIO11, na kila kifaa kinapata waya wake wa kuitwa, GPIO8 au GPIO7. Ikiwa sawa utaona `/dev/spidev0.0` na `/dev/spidev0.1`.

UART ndo yenye visa. Kwanza waya zinapishana, TX ya huku (ya kutuma, GPIO14) iende RX ya kule (ya kupokea) na RX ya huku (GPIO15) iende TX ya kule, tofauti na SPI ambayo MOSI inaenda MOSI. Pili, Linux inaweza kuwa inaitumia hiyo laini kama konsoli (sehemu ya kuandikia amri), kwaiyo GPS yako inaongea na Linux nayo inajibu maswali ya kulogin, vurugu tupu. Kwenye raspi-config ukiulizwa kuhusu kulogin kupitia sirio (hiyo laini ya UART) jibu hapana, ukiulizwa kuhusu hadwea yenyewe jibu ndiyo. Tatu, kwenye Pi 3 na Pi 4 ile UART nzuri imepewa Bluetooth, wewe umeachiwa ile ndogo. Kama Bluetooth huitumii weka `dtoverlay=disable-bt` ujichukulie nzuri. Kwenye kodi tumia `/dev/serial0` tu, yenyewe inajua iende wapi.

Sasa kugongana. GPIO4 ndo chaguo la kawaida la `w1-gpio` ya sensa ya joto DS18B20, na kwenye Pi 4 hiyo hiyo GPIO4 inatakiwa na `i2c3` na `uart3`. Ukiwasha mbili kwa pamoja moja itakosa na huenda usione kosa popote usipoangalia `dmesg` (ujumbe wa keneli). Hamisha moja, mfano `dtoverlay=w1-gpio,gpiopin=22`. Ukitaka kujua ovalei (hivyo vinavyowashwa na mstari wa `dtoverlay`) inakubali nini andika `dtoverlay -h i2c3`, yaani maelezo yote yapo humo humo.

Alafu angalia mabano ya humo kwenye `config.txt`. Mstari ukiandikwa chini ya `[pi4]` unasomwa na Pi 4 peke yake, kwaiyo vya kwako viweke chini kabisa, chini ya `[all]`. Nimepoteza jioni nzima kwa hili.

Na wenye Pi 5, maktaba ya RPi.GPIO haifanyi kazi kwenu kwa sababu pini sasa zinaendeshwa na chipu nyingine inaitwa RP1, tumieni gpiozero au lgpio.

La mwisho ni la rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) zile zinazowaka zikipewa 0. Bodi ikiwa inaamka, GPIO9 mpaka 27 zinavutwa chini na GPIO0 mpaka 8 zinavutwa juu, ndo maana rilei yako ya GPIO17 inalia "ta" kila ukiwasha. Ihamishie GPIO5 au 6, au iache hapo hapo na uandike `gpio=17=op,dh` kwenye `config.txt`, itapandishwa mapema kabla Linux haijaamka.