Ajali imetokea na gari la wagonjwa halijafika: mtu wa kwanza kufika unafanya nini

Ukisema mhudumu wa kwanza wa dharura watu wanawaza mtu wa sare na gari la king'ora, kumbe kwetu huku anayefika wa kwanza ni dereva boda, konda wa Coaster, mama wa chai pale kituoni au trafiki aliyekuwa jirani. Ile ndege iliyoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliowahi ni wavuvi na mitumbwi yao, na kati ya watu 43 waliokuwemo 24 walitoka hai. Kwaiyo haya naandika kwa ajili ya watu wa aina hiyo, na nitakaa zaidi kwenye ajali ya barabarani, hasa boda, maana ndo tunayokutana nayo sana kwenye Morogoro Road kuanzia Kimara mpaka Chalinze.

Kabla ya yote elewa kitu kimoja, wewe hapo hutibu. Kazi yako ni mtu asife kabla hajafika kwa wenye vifaa, na akifika wale wenye vifaa wajue kilichompata. Kila utakachofanya jiulize kinasaidia lipi kati ya hayo mawili, kama hakisaidii lolote acha, hata kama watu pembeni wanakupigia kelele ufanye.

Simama kwanza

Najua inauma kusimama wakati mtu analia, ila simama, angalia. Gari zinakuja kwa spidi gani, kuna waya wa umeme umedondoka, kuna harufu ya petroli, kuna mtu anavuta sigara? Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu Morogoro lori la mafuta lilipinduka, watu wakasogea na madumu kuchota, likalipuka, na waliofariki mwishowe walizidi mia. Ukikuta lori la mafuta limelala kaa mbali, rudisha watu nyuma, piga simu, hapo ushujaa hauna nafasi kabisa.

Kama ni ajali ya kawaida tuma mtu akaweke matawi barabarani pande zote mbili na yawe mbali kweli, sio hatua kumi, dereva wa basi anayeteremka mlima akiyaona anatakiwa awe na muda wa kushika breki. Zima injini ya pikipiki, chomoa funguo. Halafu mikono yako: glovu kama unazo, kama huna tumia vile vifuko vya kufungia karanga (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 ila hivi vidogo vya vifungashio havikosekani dukani), usiguse damu ya mtu mkono mtupu.

Sasa simu. Usiseme "jamani mtu apige simu", hakuna atakayepiga, kila mtu atadhani mwenzake keshapiga au atakuwa anarekodi video. Mnyooshee kidole mmoja: "wewe kaka wa fulana nyekundu, piga 112, sema tupo hapa, boda na Canter, majeruhi wawili, mmoja anatoka damu nyingi, ukimaliza njoo uniambie wamesemaje." 112 ni polisi, 114 ni Zimamoto na Uokoaji, hao uwaite hasa kama kuna mtu kabanwa ndani ya gari au kuna moto. Kama ni mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga namba ni 115 ya m-mama, ni bure, na wakikosa gari la wagonjwa wanatuma dereva wa kawaida waliyemsajili huko huko mtaani na analipwa baada ya kumfikisha mgonjwa. Sehemu ulipo itaje kwa vitu vinavyoonekana, sheli, kanisa, daraja, jina la kituo, sio "hapa kwenye kona".

Damu kwanza

Zamani tulifundishwa kuanza na njia ya hewa, na kwa mtu aliyeanguka tu ghafla bado ni sawa, ila kwa majeruhi damu inayoruka au inayotengeneza dimbwi chini inatangulia kila kitu, maana mshipa mkubwa wa paja ukikatika mtu anaweza kuondoka ndani ya dakika chache. Usiridhike na unachokiona. Jeans nyeusi inameza damu nyingi na huoni kitu, pitisha mkono kwenye mapaja, kwapani, chini ya mgongo, kisha angalia glovu yako.

Ukipata panapotoka bonyeza. Kitambaa chochote safi, khanga, shati, kifinye moja kwa moja juu ya jeraha au ndani yake kama ni shimo, mkono juu ya mkono, viwiko vimenyooka, uzito wa mwili wote. Usichungulie kila dakika kama imekata. Niliwahi kumuona konda mmoja pale Mbezi kabonyeza paja la jamaa kwa goti lake huku mikono inashika khanga isiteleze, jasho linamdondoka, watu wanamwambia "mwachie apumue" naye hajibu mtu, kakaza tu mpaka gari likaja. Ile ndo kazi yenyewe, haina mbwembwe.

Ikigoma kukata na ni mkono au mguu, funga mkanda wa kubana. Uwe mpana, vidole vitatu hivi, kipande cha khanga au kitenge kinafaa, kamba ya kiatu na waya hapana kwasababu vinakata nyama. Ufunge juu ya jeraha upande wa kuelekea mwilini, umbali wa vidole vitatu au vinne, usiwe juu ya goti wala kiwiko. Piga fundo, weka kitu kigumu kama bisibisi au spana, piga fundo lingine juu yake, zungusha mpaka damu ikate, kisha ifunge hiyo spana isirudi. Atalia sana, unatakiwa umsikie akilia. Andika saa uliyofunga, hata kwa kalamu kwenye paji la uso, na USILEGEZE njiani, kuna watu wanalegeza kila dakika kumi wakidhani wanasaidia mguu usife, wanachofanya ni kumaliza damu iliyobaki.

Kama kuna nondo, kioo au kisu kimeingia mwilini kiache humo humo, zungushia vitambaa kisicheze, aende nacho hospitali.

Hewa na shingo

Ongea nae. Akikujibu sentensi nzima ujue hewa inapita na ubongo unapata damu. Mwambie jina lako, mwambie "nipo na wewe, usigeuze shingo, nijibu kwa mdomo tu", kama ni mtu mzima muite mzee au mama, usimrukie tu kumshika kama mzigo. Mtu mwingine apige goti kichwani kwake, ashike kichwa kwa viganja viwili kisicheze, na asikiachie mpaka mwisho wa safari.

Akiwa hajibu na anakoroma, ulimi umeziba. Weka vidole nyuma ya kona za taya, sukuma taya mbele bila kuinua shingo. Kukiwa na matapishi au damu mdomoni mgeuzeni ubavu, mwili mzima kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga vikienda sawa, anayehesabu "moja mbili tatu" ni yule aliyeshika kichwa na sio mwingine yeyote.

Helmeti iacheni kama anapumua vizuri, fungua kioo tu. Inavuliwa pale hewa haipiti, na inavuliwa na watu wawili, mmoja anashikilia shingo na taya kwa chini, mwingine anaitanua pembeni na kuitoa taratibu. Kuivuta peke yako kwa nguvu hapana.

Angalia kifua kwa sekunde kumi. Kama hakipandi, au anahema mara moja moja kama samaki aliyetolewa majini, huyo hapumui, usidanganyike. Anza kubonyeza kifua: kiganja katikati ya kifua, kushuka sentimita 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, uache kifua kirudi juu kila unapobonyeza. Ukiwa umefundishwa na una kinga ya mdomo toa pumzi 2 kila baada ya kubonyeza mara 30, kama huna bonyeza tu. Badilishaneni kila dakika mbili, inachosha kuliko unavyofikiri. Aliyezama maji yeye anahitaji pumzi kwanza, 5 za mwanzo, ndo uanze kifua.

Vitu vya kuwakatalia watu

Hapa ndo kuna vita kwelikweli, maana kila mtu ana dawa yake. Maji ya kumwagia usoni, soda apate nguvu, kumkalisha, kumsimamisha tuone kama anaweza kutembea, yote hapana. Mtu mwenye damu inayovuja tumboni akinywa maji anaweza kutapika na kuvuta matapishi kwenye mapafu, na tena pengine anaenda kupasuliwa muda huo huo. Kiu inampata kwasababu damu imepungua, mloweshe midomo kwa kitambaa basi. Kwenye kuungua usipake dawa ya meno, asali, yai wala mafuta ya kula, mwagia maji ya kawaida ya bomba dakika 20 mfululizo, vua pete na bangili mapema kabla hajavimba, funika na kitu safi.

Mfunike kwa kitenge au koti hata kama jua linawaka. Aliyepoteza damu anapoa, na akipoa damu inagoma kuganda, watu wengi hawalijui hili. Dalili kwamba anaishiwa ni jasho la baridi, kuhema harakaharaka, kuhangaika halafu kusinzia. Kwa ngozi zetu usitafute weupe usoni, angalia ndani ya kope za chini, midomo na viganja.

Wakiwa wengi

Basi limepinduka, upo peke yako na watu thelathini. Usimkimbilie anayepiga kelele kuliko wote, anayepiga kelele ana hewa. Paza sauti: "mnaoweza kutembea njooni kwenye huu mti", hao wamejichuja wenyewe. Waliobaki pita mmoja mmoja, kila mtu chini ya dakika. Hapumui? Fungua njia ya hewa, akiendelea kutopumua unapita, na hii inauma lakini hapo hakuna muda wa kubonyeza kifua cha mmoja wakati watano wanavuja. Anapumua zaidi ya 30 kwa dakika, au ukibonyeza kucha rangi inachelewa kurudi zaidi ya sekunde 2, au hawezi kufuata agizo dogo kama "nishike mkono", huyo anaondoka na gari la kwanza. Wengine wasubiri. Wale wa kwenye mti wape kazi, wengi wanaweza kubonyeza majeraha ya wenzao.

Kumsafirisha

Ukweli ni kwamba mara nyingi ataenda kwa Noah au bajaji. Sawa, ila mshikaki HAPANA, ule wa kumuweka majeruhi katikati ya watu wawili kwenye boda, shingo inapigwa kila shimo na mguu uliovunjika unaning'inia. Tafuta gari anakoweza kulala. Mlango, ubao wa meza au benchi inafaa kumbebea, mfunge kwa mitandio kifuani, nyongani na magotini. Mguu uliovunjika ufunge pamoja na ule mzima, weka nguo katikati. Dereva awashe hazadi aende spidi ya kawaida, ajali ya pili hatuihitaji.

Kwenda wapi? Mimi naona hivi: kama hewa inakushinda, simama kituo chochote cha karibu chenye mtu wa kuweza kufungua njia ya hewa. Kama hewa ipo na damu umeishika, nenda penye chumba cha upasuaji, kwa barabara hii ya Morogoro ni hospitali ya Tumbi pale Kibaha au uingie Dar, sio kupoteza saa nzima zahanati ambako watakuandikia rufaa tu. Piga simu mbele mkiwa njiani. Na mambo ya PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, yasikuweke kituoni na mtu anavuja, dharura inaanza kutibiwa, fomu ndugu au polisi watafuatilia nyuma.

Mlangoni mwa hospitali

Watu wengi wanashusha mgonjwa na kuondoka, hapo ndo nusu ya kazi inamwagika. Mtafute nesi au dokta, ongea nusu dakika, mpangilio huu huu: "Sista, kijana kama miaka 25, boda imegongana na Canter saa kumi na nusu jioni. Jeraha kubwa paja la kulia, nimefunga mkanda saa kumi na dakika arobaini. Shingo anailalamikia. Mwanzo alikuwa anaongea vizuri, dakika tano zilizopita ameanza kusinzia. Hajala wala kunywa tangu nimemkuta, anasema hana mzio wa dawa." Hiyo sentensi ya kusinzia ndo itakayowafanya wakimbie, yaani mabadiliko yana thamani kuliko hali uliyomkuta nayo. Simu na pochi yake mkabidhi mtu mbele ya shahidi, iandikwe.

Kisha jiangalie na wewe. Nawa kwa sabuni na maji mengi. Kama damu imekuingia jichoni, mdomoni au kwenye kidonda chako, sema hapo hapo kabla hujaondoka, kuna dawa za kinga ya VVU zinaitwa PEP, zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na kadri unavyowahi ndo bora, unameza siku 28. Usione aibu kuziomba.

Na kusoma tu hakutoshi, mikono inahitaji mazoezi. Msalaba Mwekundu wanatoa mafunzo ya huduma ya kwanza, kijiwe cha boda kinaweza kuchanga na kuita mwalimu. Kabla hamjalipa ulizeni kama kuna mwanasesere wa kubonyeza kifua na kama kila mtu atafunga ule mkanda mwenyewe kwenye mguu wa mwenzake, wakisema ni darasa la kusikiliza na kupewa cheti tafuteni wengine.