Wiki zako za nyurosajari: anza na tochi, thieta utaikuta tu

Kama unasoma udaktari Uganda na taimtebo imekutupa nyurosajari (upasuaji wa ubongo na mgongo), iwe Mulago au Mbarara au popote, najua unawaza nini, fuvu limefunguliwa, ubongo unadunda, na we umesimama pale na gauni. Hata mi niliwaza hivo. Thieta, chumba cha upasuaji, utaiona, ila kitakachofanya watu wa timu wakutegemee ni kupima GCS (alama za kiwango cha fahamu) vizuri na kuirudia, asubuhi, mchana, na tena kabla hujaondoka. Mtu wa kichwa hubadilika kati ya raundi na raundi, na mara nyingi aliye karibu naye saa hizo ni mwanafunzi.

Beba tochi ndogo ya kalamu (ya simu inachoma macho na chaji ikiisha umekwisha), futi ya fundi cherehani, nyundo ya rifleksi na kijidaftari cha mfukoni. Fika kabla ya raundi, salimia masista, alafu ongea na ndugu wa mgonjwa, wale wanaolala kwenye mkeka chini ya kitanda. Wao hawajui GCS lakini ndo watakwambia "musawo (daktari), jana aliitika nikimwita, leo haitiki", na hiyo sentensi moja ina uzito kuliko karatasi nzima ya jana.

Sasa GCS yenyewe. Teasdale na Jennett waliitoa Glasgow mwaka 1974, na inavyotumika leo ni macho (E) 4, kuongea (V) 5, mwendo wa viungo (M) 6, jumla 15, na ya chini kabisa ni 3, hakuna sifuri. Usiandike jumla peke yake. Mi niliandika "GCS 11" kwa wagonjwa wawili nikajiona nimemaliza, residenti, daktari anayesomea ubingwa, akaniuliza, 11 ya nini? Nikabaki nimetoa macho. Kumbe mmoja alikuwa E3V3M5, amelegea anatamka maneno ovyo, mwingine E4V1M6, anakutazama, ukimwambia inua mkono anainua, ila neno halitoki kabisa, huyo pengine sehemu ya lugha ndo imeumia. Namba moja, shida mbili tofauti. Na aliye na tyubu kooni usimpe V1 kama vile ameshindwa kuongea, andika T.

Alafu hapa Uganda kuna mtego wa lugha na huu nausema kwa uchungu. Wodi moja niliyopita kulikuwa na dereva wa lori kutoka Kongo, faili inasema V3 siku mbili mfululizo sababu kila mtu alimuuliza kwa Kiingereza na Kiganda akawa anajibu vitu ambavyo hawaelewi. Nikamuuliza kwa Kiswahili, mzee jina lako nani, uko wapi, leo siku gani? Akajibu yote, akaongeza kuuliza lori lake liko wapi. V5! Kwa hiyo kabla hujaandika "amechanganyikiwa" uliza kwanza anaongea lugha gani, kama ni Mkaramoja au Mlugbara tafuta mtu wa kutafsiri, hata mgonjwa wa kitanda cha jirani anafaa.

Ukipima anavyoitikia maumivu usimsugue kifua mpaka ngozi itoke. Bana msuli wa bega karibu na shingo, au bonyeza ile mifupa ya juu ya jicho kama hakuna jeraha hapo. Mkono ukipanda kuja kukutoa ni M5, akivuta tu kukwepa ni M4, ukikunjika kwa kukakamaa M3, ukinyooka na kugeukia ndani M2. Andika wa upande ulio bora, ila tofauti ya kushoto na kulia iseme kwa sauti kwenye raundi.

Mboni nazo, moja moja, saizi na kama inasinyaa ukiimulika. Mboni ya upande mmoja ikitanuka kwa mtu ambaye anazidi kusinzia, usimalize kuandika, kimbia kaite mkubwa. Vilevile presha ikipanda huku mapigo yanashuka na pumzi inaenda ovyo, hiyo ni shinikizo la ndani ya fuvu na muda umebaki mdogo. Wakati unangoja, inua kichwa cha kitanda digrii 30, shingo inyooke, oksijeni, pima sukari. Manitoli, dawa ya kushusha hilo shinikizo, ataiagiza mkubwa, we jua tu ni gramu 0.25 mpaka 1 kwa kilo, na chupa ya mililita 500 ya asilimia 20 ina gramu 100, hesabu hiyo utaulizwa.

Wengi utakaowaona ni ajali za boda, hawakuvaa helmeti. Yule aliyezimia, akaamka, akaongea vizuri hata akaomba chai, alafu akaanza kuzama tena, fikiria damu kati ya fuvu na dura (utando mgumu unaofunika ubongo), mshipa umepasuka. Kwenye picha ya CT ya kichwa damu mbichi ni nyeupe, hiyo ya juu ya dura ina umbo la dengu, ya chini ya dura imekaa kama mwezi mwandamo. Na tafadhali, mtu akinuka waragi usiseme ni pombe tu. Walevi nao huvuja damu kichwani. Akiwa na weusi kuzunguka macho au nyuma ya sikio, usipitishe mpira wa tumbo puani.

Ukibahatika kwenda hospitali ya CURE Mbale, huko ni watoto, vichwa vikubwa na mgongo wazi. Daktari wa upasuaji wa ubongo Benjamin Warf alihamia Uganda mwaka 2000 akaona watoto wengi maji ya kichwa yamewajia baada ya maambukizi, na shanti (mpira wa kutoa maji kichwani) ikiziba mtoto yuko kijijini mbali nani atamwokoa? Ndo wakaendeleza njia ya kutoboa sakafu ya ventrikali ya tatu (uwazi wa maji ndani ya ubongo) kwa endoskopu na kuchoma koroidi pleksasi, tishu inayotengeneza hayo maji. Mwaka 2017 utafiti wao wa watoto 100 ulitoka New England Journal of Medicine, na baada ya miezi 12 njia hiyo na shanti hazikuachana wazi kwenye akili ya mtoto. Kazi yako pale ni kupima mzunguko wa kichwa kwa futi: juu ya nyusi, nyuma pale palipotokeza zaidi, chora kwenye chati, shika utosi mtoto akiwa ametulia, sio akilia.

Mgongo kwa haraka: TB ya mgongo na walioanguka mitini. Uliza kama mkojo unatoka sawa, pima hisia za makalioni hata kama unaona aibu, na mgeuze mgonjwa kama gogo, watu wanne, mmoja kichwani ndo anahesabu.

Thieta, kula kwanza. Simama mbali na nguo tasa (zilizosafishwa vijidudu), mikono kifuani, swali ulize damu ikishaacha kutoka.

Logibuku, daftari la kazi ulizofanya wodini, isainiwe kila wiki, sio ijumaa ya mwisho, siku hiyo konsaltanti humpati.