Usikizungukie kihisi kimoja kimoja
Una vihisi kwenye matangi kadhaa ya maji? Vyote vitume vipimo kwa seva moja ya MQTT (njia nyepesi ya vifaa kutumiana ujumbe), na mada, yaani vichwa ambavyo ujumbe hutumwa chini yake, uzipe majina kama anwani: shamba/tangi3/kina. Ukijiunga na shamba/+/kina (+ husimama badala ya jina lolote la tangi) unapata kina cha matangi yote kwa mkupuo, hata la kesho ambalo bado hujalifunga. Kihisi kikituma kwa retain (alama ya "tunza ujumbe huu"), seva hutunza ujumbe wa mwisho wa kila mada, kwa hiyo ukijiunga tu unaupata papo hapo. Ila weka na saa ya kipimo ndani ya ujumbe. Mimi niliwahi kusoma "tangi limejaa" kumbe betri ilikufa juzi, na mifugo inalamba tope.