Petroli kwanza, naitrasi baadaye: kuandaa mfumo wa mafuta hatua kwa hatua

Injini nyingi zinazokufa kwa naitrasi (gesi ya N2O inayopulizwa ndani ya injini kuiongezea nguvu) haziuliwi na gesi. Zinauliwa na petroli isiyotosha. Naitrasi ina oksijeni asilimia 36 kwa uzito. Hewa tunayovuta ina kama 23. Naitrasi ikiingia kwenye silinda na kukuta joto la nyuzi 300 hivi, inavunjika na kuiachia oksijeni yote. Petroli isipoongezeka sawia, joto linapanda, injini inaanza kugonga, na muda si mrefu pistoni ina tundu. Kwa hiyo mtungi uache kwenye boksi lake kwanza. Kazi inaanzia kwenye tangi.

Mfano wetu ni injini ya silinda nne, lita 2.0, isiyo na turbo, yenye hp (nguvu farasi) 150 na mgandamizo mzuri kwenye silinda zote. Seti ya naitrasi ni ile inayopuliza gesi na petroli kwa pamoja kabla ya throto (mlango wa hewa wa injini), na shoti, yaani nguvu inayoongezwa, ni hp 50. Kwa injini yenye pistoni za kiwandani mimi sivuki hapo, hata mteja akinibembeleza. Na gari la namna hii ni la uwanja uliofungwa, si la kutambia kwenye foleni.

Hatua ya 1: Piga hesabu

Kila hp 1 ya kawaida inakula karibu lita 0.31 za petroli kwa saa ukikanyaga mafuta mpaka mwisho. Hp inayotokana na naitrasi ipe lita 0.37, maana tunataka mchanganyiko uelemee upande wa petroli. Hp 150 zinahitaji lita 46.5, na hp 50 za shoti zinahitaji 18.5. Jumla ni lita 65 kwa saa. Ongeza akiba ya asilimia 30 na unapata kama lita 85. Hiyo ndiyo namba ya kutembea nayo.

Hatua ya 2: Pima pampu iliyopo

Usiamini kilichoandikwa kwenye pampu. Imeshakunywa petroli chafu miaka mingapi? Ipime.

Fanyia kazi nje, injini ikiwa imepoa, mtungi wa kuzimia moto wa poda ukiwa karibu, na mvuta sigara akae mbali. Chomoa paipu ya kurudisha mafuta inayotoka kwenye regulata (kidhibiti cha presha ya petroli), unganisha mpira mrefu, uelekeze kwenye jagi lenye vipimo vya mililita. Chomeka chaja kwenye betri, kwa sababu pampu kwenye volti 12 haifanyi kazi kama kwenye volti 14 za injini inayounguruma. Kisha washa pampu bila kuwasha injini. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kiboksi cheusi cha uchunguzi chini ya boneti. Ukiunganisha tundu la FP na la +B kwa kipande cha waya, swichi ikiwa ON, utaisikia pampu ikivuma.

Iache imwage kwa sekunde 15 kamili. Mililita ulizopata zidisha kwa 0.24, unapata lita kwa saa. Kwa mfano wetu tunatafuta mililita 355 au zaidi. Zikitoka 250 ujue una lita 60 tu, yaani haifikii hata mahitaji yenyewe, achilia mbali akiba.

Uzuri wa kupimia kwenye paipu ya kurudi ni kwamba petroli imeshapita kwenye regulata, kwa hiyo unaipima ikiwa na presha ya kazi, karibu baa 3 kwenye magari mengi ya aina hii. Pampu ikimwaga bila kuzuiwa na chochote, hata mbovu huonekana nzima. Gari lako likiwa halina paipu ya kurudi, kipimo hiki hakikufai. Geji ya presha kwenye hatua ya 4 ndiyo itakayokupa jibu.

Hatua ya 3: Badilisha, ukianzia kwenye waya

Watu hukimbilia pampu kubwa ya lita 255 kwa saa halafu wanaiunga kwenye waya uleule mwembamba wa kiwandani. Pampu hiyo inakula umeme zaidi, waya unapata moto, volti zinashuka, na pesa yako imeishia hapo. Vuta waya mpya wa milimita za mraba 4 kutoka betri, fyuzi ya ampea 20 ikae karibu na betri, halafu weka rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) kwa nyuma. Waya wa zamani wa pampu utumie kuamsha rilei tu. Hivyo kompyuta ya gari bado itaizima pampu injini ikizimika, na ukipata ajali hutakuwa na petroli inayoendelea kumwagika. Mwishoni pima volti za betri na volti za kwenye pampu yenyewe. Tofauti isizidi 0.5. Ethi nayo ipige msasa mpaka chuma king'ae.

Filta badilisha zote mbili, ile ya njiani na kile kichujio laini cha chini ya pampu. Mpira wa nje uwe na maandishi SAE J30 R9, na ule unaozama ndani ya tangi uwe R10. Mpira wa kabureta ni wa presha ndogo. Usiutumie hata kwa sentimita tano. Pampu feki zimejaa madukani, kwa hiyo hata mpya irudishe kwenye jagi la hatua ya 2.

Jambo moja linawashangaza wengi: pampu kubwa inaweza kuishinda regulata ya kiwandani. Washa injini, iache ingurume bila kukanyaga mafuta, angalia presha. Ikiwa juu kuliko kawaida ya gari lako, funga regulata ya kurekebishika.

Hatua ya 4: Geji na tawi la solenoidi

Petroli ya solenoidi (vali ya umeme inayofungulia petroli au gesi ya seti) ichukue kabla ya regulata, upande wenye presha. Ukiichukua kwenye paipu ya kurudi utapata petroli isiyo na nguvu. Geji iwe ya umeme, yenye sensa kwenye injini. Usipitishe paipu ya petroli ndani ya kabini.

Sasa, mtungi ukiwa umefungwa, chomoa nozeli ya seti na uielekeze kwenye jagi, jeti ya petroli (kitundu kinachopima kiasi) ikiwa ndani. Washa pampu na solenoidi ya petroli kwa sekunde 15. Kwa shoti ya hp 50 tegemea mililita 75 hadi 80, ingawa chati ya seti yako ndiyo yenye kauli ya mwisho. Solenoidi usiifungue nozeli ikiwa kwenye njia ya hewa na injini imezima. Petroli italala humo, na siku ya kuwasha itakulipukia.

Kisha endesha uwanjani bila gesi, mafuta mpaka mwisho, mwenzako akiangalia geji. Presha ibaki baa 3 mpaka RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) za juu. Ikianza kulegea, rudi hatua ya 3.

Hatua ya 5: Kinga

Gesi isitoke mpaka masharti matatu yatimie: throto imefunguka yote, RPM zimevuka 3,000 na hazijakaribia kikomo, na presha ya petroli ipo. Swichi ya presha iweke kwenye baa 2.5 hivi, iunge mfululizo na rilei ya solenoidi zote mbili. Kikomo cha RPM ni hatari kwa sababu kompyuta hukata petroli ya injekta huku gesi ikiendelea kuingia, hivyo zima naitrasi RPM 300 au 500 kabla yake.

Punguza taiming (wakati wa plagi kupiga cheche) digrii 2. Weka plagi zilizo baridi zaidi ya za kiwandani kwa hatua moja, mwanya milimita 0.8. Petroli nunua kituo unachokiamini. Iliyochanganywa na mafuta ya taa inashusha oktani.

Hatua ya 6: Joto la mtungi

Hapa ndipo pwani inapotofautiana na bara. Mtungi kwenye nyuzi 30 una presha ya baa 63 hivi, karibu psi 900, na ndiyo inayotakiwa. Asubuhi ya Nairobi yenye nyuzi 15 inashuka kwenye baa 45: gesi kidogo, petroli nyingi, moshi mweusi. Lakini gari likiachwa juani Dar au Mombasa, buti inavuka nyuzi 36.4 kirahisi, na kuanzia hapo naitrasi haiwezi kubaki kimiminika. Presha inapanda, gesi inaingia nyingi kuliko jeti ya petroli ilivyopangiwa. Funika mtungi kwa taulo lenye maji, soma geji yake, na ikivuka psi 1,000 usibonyeze. Paipu ya vali ya usalama itoke nje ya gari.

Mara ya kwanza bonyeza kwa sekunde chache, gia ya tatu, tangi likiwa zaidi ya nusu. Sensa ya oksijeni (aina ya wideband) isome hewa kati ya 11.5 na 12 kwa petroli 1. Ikipanda juu ya 12.5, achia mguu, zima injini papo hapo, toa plagi. Ukiona vidoa vidogo vya alumini kwenye kaure nyeupe, funga mtungi, kisha rudi kwenye vipimo vya jagi.